Vidukari na Jina la Mama Mkubwa

Zalihata mwanangu,

Mambo ya blanketi, dawa ya kikohozi na kufunga sanduku nimemwachia mama yako, maana ndiye anayeyaweza na ndiye atakayenikasirikia nikiyagusa. Tangu asubuhi namsikia akihesabu nguo zako kwa sauti, na kila akifika kwenye sweta la baridi ya Mvouni anaanza upya. Wewe uko nyumba ya tatu unapakwa hina. Mimi nimejifungia chumba cha mbele, chenye dirisha la uchochoroni, na kalamu ya ofisini. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho nilichozaliwa nacho Unguja na ndicho nilichokulea nacho, hata watoto wa mtaani walipokucheka kwamba baba yako anakusemesha lugha ya watu wa ng'ambo. Kifaransa changu unakijua. Ni cha kujazia fomu.

Nianze na lililojaa moyoni. Najivuna, mwanangu, najivuna mpaka naona haya. Siku ilipokuja karatasi ya kusema umepata nafasi chuo cha Mvouni, kule juu ya Moroni, usomee viumbe hai halafu uje kufundisha, niliaga ofisini kwamba naumwa kichwa, nikatembea kutoka bandarini mpaka sokoni na kurudi, bila shughuli yoyote, nikingoja watu waniulize nina nini leo. Hakuna aliyeuliza. Ikabidi nimsimamishe muuza mihogo nimwambie mwenyewe. Kwenye vichochoro hivi vya Mutsamudu hakuna binti aliyewahi kupanda Mvouni kusoma mambo ya wadudu, na huyo wa kwanza anakula mezani kwangu.

Sasa lile ambalo hulijui. Unakumbuka miaka mitano nyuma, wewe una miaka kumi na minne, Mama Mkubwa Eshati alipoitwa Moroni kwenda kujieleza kwa askari. Nyumba nzima ikauliza ni nani aliyepeleka jina lake. Mama yako akasema ni karani fulani, Mama Mkubwa mwenyewe akamshuku jirani wa shamba la chini, na wewe ukaapa ukimjua mtu huyo hutampa salamu mpaka kufa. Mtu huyo ni mimi. Niliandika kwa mkono wangu, nikatia sahihi, na miaka mitano nimekula na kunywa na nyinyi nikiwaacha mkimtafuta. Sitaki upande ndege kesho huku ukidhani baba yako ni mtu mwingine. Ukiniona sifai, unione hivyo ukiwa unajua.

Nikueleze ilivyokuwa tangu mwanzo, kwa sababu mengine ulikuwa mdogo na mengine nilikuficha.

Nilipoingizwa kwenye mradi wa uzio hai nilijiona nimefika. Mimi, mtoto wa Unguja niliyekuja visiwa hivi mikono mitupu, leo bwana shamba, nina buti za mpira na kitabu cha ripoti! Tulifundishwa kwamba udongo wa milima hii unakimbilia baharini kila mvua, na dawa yake ni kupanda mistari ya miti kukingama mteremko. Mti wenyewe glirisidia, wa jamii ya kunde, wenye maua ya rangi ya waridi. Unakata fito, unazichomeka ardhini, zinachipua. Miti inashika udongo, majani yake yanalisha ng'ombe na kurutubisha shamba. Yote hayo ni kweli mpaka leo, na wewe unayajua kunishinda.

Wakubwa walikuwa wanakuja kukagua kutoka Moroni. Nikataka wakute shamba la mfano, na shamba lililokuwa karibu na macho yangu ni lile la mama yako na dada yake. Hapa ndipo nilipoonyesha ugeni wangu. Nilikuwa nimeishi kisiwa hiki cha Ndzuani miaka kumi na saba, nimeoa hapa, nalala katika nyumba ya mke kama kila mwanamume wa hapa, na bado sikuwa nimeelewa shamba la akina mama ni kitu gani. Lile shamba ni la bibi yako mzaa mama, na kabla yake la mama yake. Halijagawanywa hata siku moja. Mama yako analima upande wa mlangilangi, Mama Mkubwa upande wa migomba, lakini hakuna mstari, na yeyote ana haki ya kuchimba muhogo popote. Na katika kisiwa hiki mtu akichomeka fito zikashika mizizi, amesema mpaka wangu ni huu. Kila mtoto anayefunga ng'ombe anajua. Mimi sikujua, au nilijua nikapuuza, maana nilikuwa na kitabu cha ripoti.

Tena nilichagua wiki ya harusi. Wanawake wote walikuwa mjini, wamejitanda shiromani zao, wanaimba na kupika. Nikapanda mlimani na wanaume kumi, siku tatu tukapiga mistari mitatu ya fito, na mmoja ukapita katikati kabisa, baina ya mlangilangi na migomba. Mama yako nilimwambia tunatengeneza ua kidogo. Kidogo!

Mama Mkubwa alipopanda juu na kuona, hakupiga kelele. Alitembea mstari mzima akizigusa fito moja moja, akashuka, akaja kusimama pale mlangoni petu. Aliniambia, "Shemeji, mama yetu alikufa bila kututenga. Wewe ni nani?" Nikamjibu kwamba hii ni elimu, hahitaji kuielewa. Naam, nilisema hivyo kwa mwanamke aliyenipa chakula mwaka mzima wa kwanza nilipokuwa sina kazi. Akaniambia miti yangu haitakaa pale, akaondoka, na tangu siku hiyo akawa ananipita uchochoroni kama anapita ukuta.

Fito zikachipua vizuri, nikazidi kiburi. Halafu kusi likaanza, mvua zikakata, na machipukizi yakaanza kujikunja. Majani yakawa meusi, yananata. Nikapanda juu siku moja na jirani mmoja, nikashika jani, vidole vikatoka vyeusi. Nilichoona mimi ni mafuta machafu ya gari. Jirani akasema amemwona Eshati akipita na debe. Debe lilikuwa la maji ya ng'ombe, angeweza kuniambia mtu yeyote kama ningeuliza. Sikuuliza. Bwana shamba mzima, niliyefundishwa kutazama wadudu kabla ya kutazama watu, nilitazama jani upande wa juu tu nikamwona shemeji yangu.

Jioni hiyo hiyo nikaandika ripoti. Niliandika kwamba mali ya mradi wa serikali imeharibiwa kwa makusudi, nikataja jina lake lote, jina la baba yake na mtaa wake. Najua utauliza: Baba, hukujua ni miaka gani ile? Nilijua. Kila mtu alijua kwamba Moroni kuna wazungu wa bunduki, waliokuja kumweka mtawala wakabaki, na kwamba watu husema kwa sauti ya chini hata wanapoulizana bei ya samaki. Nilijua karatasi ikiwa na neno kama hilo inaweza kutoka meza ya kilimo ikaenda meza nyingine. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu unaijua, ni ya kutangulia. Nikaipeleka kwa ndege ya asubuhi ili nisipate nafasi ya kubadili nia.

Wakati huo wewe ulikuwa na shughuli zako. Ulikuwa unapanda mlimani na Mama Mkubwa kuhamisha kamba ya ng'ombe, na ukirudi mikono ya gauni lako ilikuwa inanata, mama yako anagomba. Siku moja ukaja kunambia, nikiwa na redio sikioni, kwamba umegeuza majani na chini yake kumejaa wadudu weusi wadogo, wamejibana kwenye chipukizi hata chipukizi lenyewe halionekani. Ukasema sisimizi wanapanda kuwapapasa, na kila wakipapaswa wanatoa tone tamu, sisimizi wanalinywa, na linalobaki ndilo linalonata na kuota ukungu mweusi. Ulisema, "Baba, yale si mafuta. Ni mavi ya vidukari." Nikakwambia ukasome masomo yako. Ripoti ilikuwa imeshaondoka siku nne.

Hukusoma masomo yako. Ulikwenda ukagema utomvu wa fenesi, ukautengeneza ulimbo kama ule wa kunasia ndege, ukaupaka duara kwenye shina la mti mmoja ili sisimizi wasipande, na mti wa pili yake ukauacha. Hakuna aliyekufundisha. Ukapunguza matawi yanayogusana, maana uliona wanavuka kwa juu. Siku chache sisimizi wakakwama chini, na kwa kuwa hakuna tena mlinzi, wakaja wale wadudu wekundu wa mviringo wenye madoa, na watoto wao wenye miiba, wakala vidukari mpaka wakamaliza. Mti wa pili ukabaki mweusi vile vile. Mimi haya yote sikuyajua. Nilikuwa nangoja sifa kutoka Moroni.

Ikaja barua ya wito. Eshati aende Moroni, ajieleze. Mama yako alikaa chini hapo hapo mlangoni. Mama Mkubwa aliuliza tu ni nani atakayemfunga ng'ombe wake. Halafu wewe ukaja, ukaniwekea mapajani matawi mawili, moja jeusi na moja la kijani, na kitambaa kibichi. Ukafuta jani jeusi mbele yangu. Weusi ukatoka, jani likabaki zima. Nikaligeuza mwenyewe kwa mara ya kwanza. Vidukari wako walikuwa pale pale, Zalihata.

Nikatangaza kwamba nitakwenda mimi badala yake, kama bwana shamba, nikaeleze. Watu wakanisifu. Mama yako akanibusu mkono. Nikakuchukua wewe kwa sababu ulijua mambo ya wadudu na kwa sababu ulijua Kifaransa. Ndivyo nilivyojiambia.

Unaikumbuka safari kuliko mimi, nadhani. Tulilala Ntsoudjini, karibu na Moroni, kwa binamu wa mama yako, na wewe uliweka matawi yako ndani ya mtungi ili yasinyauke. Asubuhi mkubwa wangu wa kazi alisema karatasi imeshatoka mikononi mwake, akatuelekeza kwenye nyumba nyingine, ambako mlangoni waliandika jina langu. Mzungu tuliyemkuta humo alikuwa na shati la mikono mifupi, kikombe cha kahawa, na bastola imelala mezani pembeni ya kikombe. Nilianza kusema. Nikasema "Bwana" na "miti", na kilichobaki kikakataa kutoka.

Wewe ukasogea mbele. Ulimwekea matawi kwenye meza yake, ukamfutia jani, ukamwonyesha vidukari na sisimizi, ukamwambia kuhusu ulimbo. Nilifahamu nusu ya maneno lakini nilimtazama uso, na niliona mtu mzima mwenye bastola akiinamisha kichwa kutazama kidole cha mtoto wangu. Akaifungua karatasi yangu akaisoma. Akakuuliza kama unamjua aliyeandika. Hilo nilifahamu. Ukajibu, na jibu lako pia nililifahamu: "Simjui, lakini ni mtu asiyegeuza majani."

Yule Mzungu akatazama chini ya karatasi ambako kuna jina langu. Kisha akanitazama mimi. Akatabasamu kidogo, akaikunja karatasi, akaitia kwenye mtoto wa meza, akaniambia nina binti mwerevu. Nikasema ahsante. Mle chumbani tulikuwa watu wawili tunaojua siri, mimi na yeye, na aliyefichwa ni wewe uliyekuwa umesimama baina yetu. Kwa fahari niliyoiona siku ile ningeweza kupiga kelele barabarani, na kwa aibu ningeweza kujitupa gatini. Vyote viwili vimekaa nami miaka mitano.

Ulivyofanya baada ya hapo wanajua watu wote. Mama Mkubwa alianza tena kunisalimu, akakubali mistari miwili ibaki, wa katikati akaung'oa kwa mikono yake na sisi tukitazama. Wewe ukamshauri achanganye miti mingine humo, ili mdudu wa mti mmoja asikute karamu ya shamba zima, na hilo mimi sikuwa nimelifikiri, nilipanda mti mmoja tu kwa sababu kitabu kilikuwa na picha ya mti mmoja. Ukawafundisha wanawake wa mteremko ule kupaka ulimbo. Mpaka leo wakiona kitu hawakielewi shambani hawaji ofisini kwangu. Wanasema, mwiteni Zalihata. Nakasirika kidogo, nakwambia kweli, halafu nacheka peke yangu.

Sina wosia mrefu. Huko uendako utapewa vitabu, na wewe una macho, basi usije ukaacha kimoja kwa ajili ya kingine. Kitu usichokielewa kikikutia hasira, kaa nacho siku mbili kabla hujaandika jina la mtu. Mimi ningekaa nacho siku mbili tu, nisingekuwa na barua hii ya kuandika.

Mama yako bado hajui. Nilikusudia niishie hapa, nikutilie barua kwenye sanduku, uisome Mvouni mbali na uso wangu. Lakini nimeisoma tena nikaona nafanya ujanja ule ule. Eshati atakuja kesho kukuaga, ataninawisha mikono kama kawaida, bila kujua. Kwa hiyo naiweka kalamu, naenda kwake.

Nimerudi. Sala ya alasiri imeshapita.

Nilimkuta uani kwake anachambua njugu mawe. Nikakaa kwenye kibao cha chini nikamwambia yote, bila kurembesha. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, nimejitayarisha hata anitemee mate. Akaendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha. Kisha akauliza swali moja ambalo sikulitarajia. Aliuliza kama siku ile Moroni, tulipoingia chumba kile, nilikuwa najua kwamba jina langu liko kwenye karatasi iliyo mezani. Nikasema nilijua.

"Basi mimi sikudai kitu," akasema. "Mimi ni mtu mzima, ningekwenda, ningejibu, ningerudi. Mtoto ndiye uliyemweka mbele ya bunduki akufulie nguo zako."

Wallahi, mwanangu, miaka mitano nimejilaumu kwa Eshati, na hata mara moja sikufikiri hivyo. Nilikuwa na fahari mno juu yako kiasi cha kusahau kwamba ulikuwa na miaka kumi na minne, na kwamba nilikaa kwenye kiti wakati wewe umesimama. Ujasiri wako ulinipendeza nikasahau kuuliza ni nani aliyekulazimisha uwe jasiri. Nisamehe kwa hilo kuliko yote niliyokwisha kuandika juu.

Nikamwambia nimekuandikia barua. Akaniuliza kama barua itakuangalia machoni. Akajitanda shiromani yake, akanifuata mpaka hapa kichochoro kwa kichochoro, hatua mbili nyuma yangu, watu wanatusalimu na yeye anaitikia vizuri tu. Sasa amekaa ukumbini. Mama yako amemwekea chai, ameikataa. Amesema hatatia kitu mdomoni katika nyumba hii mpaka Zalihata arudi na baba yake amwambie kwa mdomo, mbele ya mama yake na mbele yake. Mama yako ananiita, anauliza kuna nini.

Kwa hiyo ukiisoma karatasi hii huko Mvouni utakuwa umeshayasikia yote kutoka kinywani mwangu, na utakuwa umeshajua kama nilisema vizuri au nilikwama kama siku ile. Na mimi nitakuwa nimeshajua kama bado unaniita Baba. Nakuombea kwa Mungu macho yako yabaki hivyo hivyo, na akulinde na watu kama nilivyokuwa mimi.

Nasikia sauti yako uchochoroni, unacheka na wenzako, unawaambia wasikuguse hina haijakauka. Eshati amenyanyuka. Nami nanyanyuka.

Baba yako.